Kukana kwa Kiingereza, au Jinsi Ndiyo Inavyogeuka Kuwa Siyo



Mwezi huu twapenda kuwapa somo la lugha. Labda mtu atauliza: Sisi watu wa Uchindile tuna shauri gani na Kiingereza? Nyumbani twasema lugha za baba zetu, kanisani na sokoni twasema Kiswahili, na gari la moshi la TAZARA lipitapo hapa likipanda kutoka bonde la Kilombero, abiria wake huagana nasi kwa Kiswahili. Maneno hayo ni kweli. Lakini Kiingereza kimekwisha kuingia majumbani mwetu, tukipenda tusipende. Kimo katika karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa ya shamba. Kimo katika mkataba wa kazi ambao kijana aambiwa autie sahihi. Tena mtoto wetu akimaliza darasa la saba kwa Kiswahili, aingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yafundishwa kwa Kiingereza. Basi asiyejua lugha hii yampasa angalau kujua mahali penye mashimo, asije akaanguka.

Shimo moja kubwa twalijua kwa sababu mtoto wetu mmoja alianguka humo. Kijana wa usharika wetu, mtu mwenye adabu, alikwenda mbali kutafuta kazi. Msimamizi wa kazi alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili. Baada ya maswali mengine alimwuliza hivi: "You don't drink, do you?" Kijana alielewa kila neno. Tangu kipaimara hajaonja pombe. Akajibu kwa heshima, "Yes, sir," maana yake, "Ndiyo, bwana, sinywi." Msimamizi akaandika neno katika karatasi yake, na kazi akapewa mtu mwingine. Kijana akarudi nyumbani mwenye uchungu, akisema, "Nimesema kweli, nami nimenyimwa kazi kama mwongo."

Tukakaa naye barazani, tukamwomba aturudishie maneno yote, moja moja, kama yalivyosemwa. Ndipo tulipoona kosa. Yule mgeni alisikia, "Ndiyo, nakunywa." Hapakuwa na mwongo kati yao wawili. Bwana wetu ametufundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Kijana alitii, lakini ndiyo yake ilipovuka mto wa lugha ikafika ng'ambo imekuwa siyo. Tena yatupasa kuungama kwamba lawama ni yetu pia. Sisi ndio tuliomfundisha Kiingereza cha kwanza alipokuwa mdogo, nasi tulimwambia: "Yes ni ndiyo, no ni hapana, basi." Neno hilo halikutosha. Kwa ajili hiyo twaandika somo hili.

1. Jinsi sisi tunavyokana

Kabla ya kutazama nyumba ya jirani, tutazame kwanza nyumba yetu. Katika Kiswahili kukana kumo ndani ya kitendo chenyewe. Twasema "nakwenda," na tukikana twasema "siendi." Twasema "anasoma," na tukikana, "hasomi." Kitendo chabadilika kichwa na mkia: kichwani huja si- au ha-, na mkiani -a yageuka kuwa -i. Vitendo vilivyotoka Kiarabu havibadiliki mkia: "ninajibu" na "sijibu," "anafikiri" na "hafikiri."

Tena twakana kwa kila wakati kwa namna yake. "Nilikwenda" yakanwa kwa "sikwenda." "Nitakwenda" yakanwa kwa "sitakwenda." Nayo "nimekwenda" ina namna mbili: "sikwenda," yaani jambo limekwisha pita, na "sijaenda," yaani bado, huenda nikaenda. Ukimkataza mtu wasema "usiende." Ukisema habari za mtu, wasema "asiyekwenda." Haya yote tumeyanyonya pamoja na maziwa ya mama, wala hatuyafikiri tunaposema.

2. Jinsi Waingereza wanavyokana

Waingereza hawatii kukana ndani ya kitendo. Wanalo neno dogo, "not," nalo halipendi kusimama peke yake. Lataka mwenziwe wa kulishika mkono. Wenziwe ni maneno kama haya: am, is, are, was, were, have, has, had, can, will, shall, must, may. Neno moja la hayo likiwamo katika sentensi, "not" husimama nyuma yake mara moja: "He is not sick," yaani hana ugonjwa. "They have not come," yaani hawajaja. "We cannot pay," yaani hatuwezi kulipa.

Lakini kama hakuna mwenziwe, je? "I know," yaani najua, haina neno la kusaidia. Hapo Waingereza huita msaidizi, jina lake "do": "I do not know." Kwa mtu mmoja anayesemwa habari zake, msaidizi ni "does": "She does not know." Kwa mambo yaliyopita, ni "did": "We did not know."

Hapa wanafunzi wetu hukosa kila siku. Huandika "He did not went," au "She does not goes." Tuwafundisheni kwa mfano wa mpagazi. Mzigo wa wakati ni mmoja, na mpagazi mmoja humtosha. "Did" akiisha kuuchukua mzigo wa wakati uliopita, kitendo kinachofuata chaenda mikono mitupu: "He did not go." "Does" akiisha kuichukua s, kitendo hakichukui s nyingine: "She does not go." Mwanafunzi akiukumbuka mpagazi, kosa hili litamtoka.

Tusidhani kwamba Waingereza walisema hivyo tangu mwanzo. Miaka elfu moja iliyopita waliweka neno dogo, "ne," mbele ya kitendo, karibu kama sisi tunavyoweka ha-. Baadaye, kwa kuwa "ne" ilisikika kwa unyonge, wakaongeza nyuma neno la kuitia nguvu, ambalo asili yake ni "si kitu cho chote." Neno hilo likafupishwa likawa "not." Kisha "ne" ikafa, "not" ikabaki nyuma ya kitendo. Ndiyo namna mtakayoiona mara nyingi katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611: "know not," "fear not." Baada ya hapo ndipo "do" alipozoeleka kuwa msaidizi. Mtaalamu mmoja wa Denmark, Otto Jespersen, aliyaeleza mageuzi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1917. Twayataja ili mjue ya kuwa lugha ya Waingereza nayo imetembea njia ndefu, wala hapana haja mtu kuiogopa kama kitu kilichoshuka kimekwisha kamilika.

Katika kusema, Waingereza hupunguza maneno: "do not" huwa "don't," "does not" huwa "doesn't," "is not" huwa "isn't." "Will not" huwa "won't," kwa kuwa zamani "will" ilikuwa na namna nyingine, "woll." Katika barua ya heshima, kama ya kuomba kazi au ya kwenda serikalini, yafaa kuyaandika maneno kwa ukamilifu. Tena jihadharini na masikio yenu: "can" na "can't" husikika karibu sawa katika vinywa vya watu wengine, hasa Wamarekani, na moja ni "naweza," na ya pili ni "siwezi." Ukishuku, uliza tena. Afadhali mtu akuone mzito wa kusikia kuliko upotee njia.

3. "Yes" na "No"

Sasa tumefika penye shimo. Tazameni neno letu "ndiyo." Maana yake, "jambo ni hilo hilo." Mtu akiniuliza, "Hukula?" nami sikula, najibu, "Ndiyo, sikula." Yaani, maneno yako, ewe unayeuliza, ndiyo yaliyo kweli. Na kama nilikula, nitajibu, "La, nilikula," au "Siyo, nilikula." Yaani, maneno yako sivyo yalivyo. Basi sisi tunapojibu, twatazama maneno ya mwenye kuuliza, twayakubali au twayakataa.

Mwingereza hatazami maneno ya mwenye kuuliza. Hutazama jambo lenyewe. Kama jambo lipo, husema "yes," kama halipo, husema "no," hata swali liwe limeulizwa kwa kukana au kwa kukubali. Basi akiulizwa, "Didn't you eat?" naye hakula, atajibu, "No, I didn't." Na kama alikula, atajibu, "Yes, I did." Angalieni: kwetu, asiyekula aanza kwa "ndiyo"; kwao, asiyekula aanza kwa "no." Maneno yamegeuka, kweli ni ile ile.

Swali likiulizwa kwa kukubali, kama "Did you eat?" hapana shida, maana lugha zote mbili zajibu sawa. Kwa hiyo mtu aweza kusema Kiingereza miaka mingi asilijue shimo hili, hata siku moja aulizwe swali la kukana, tena katika jambo kubwa.

Msidhani kwamba sisi ndio wajinga na Waingereza ndio watu wote. Wachina nao hujibu kama sisi, na Wajapani kadhalika. Wachina walipojenga reli ya TAZARA pamoja na Watanzania na Wazambia, toka mwaka 1970 hata 1975, kama Mchina angaliulizwa kwa lugha yake, "Hukuleta nyundo?" naye hakuileta, angalijibu kwa maneno yenye maana ya "Ni kweli, sikuleta," sawasawa na Mhehe au Mbena asemaye Kiswahili karibu naye.

Hata Waingereza wenyewe walikuwa na njia nyingine hapo kale. Walikuwa na maneno manne. Kwa swali la kukubali walijibu "yea" au "nay." Kwa swali la kukana walijibu "yes" au "no." Hivyo "yes" ya kale ilikuwa neno la kupinga: Wewe wasema sivyo, nami nasema ndivyo. Mwaka 1532 Thomas More, aliyepata kuwa mkuu wa washauri wa Mfalme Henry wa Nane, alimlaumu William Tyndale, mfasiri wa Agano Jipya, kwamba ameandika "no" mahali panapostahili "nay." Twajua ya kuwa watu hao wawili walishindana kwa mambo makubwa kuliko hayo, na ya kuwa Tyndale aliuawa mwaka 1536. Lakini hata katika vita vile kubwa, neno dogo la kukana lilipata nafasi yake. Baadaye Waingereza wakaacha "yea" na "nay" katika maneno ya kila siku, wakabaki na mawili tu, nayo hayatoshi kwa kazi ya manne.

Wajerumani hawakupoteza. Hata leo wana maneno matatu: "ja," "nein," na "doch." "Doch" ni kwa swali la kukana, wakati mtu atakapo kupinga: "Hukwenda?" "Doch," yaani, nilikwenda. Wafaransa nao wana neno lao la namna hiyo, "si." Wamisionari wa Berlin waliofika Nyanda za Juu za Kusini mwaka 1891 walikuja na neno hilo "doch" vinywani mwao. Wale wa leo wanaotutembelea kutoka Ujerumani wanalo bado. Basi Mjerumani akikosa katika Kiingereza, tusimcheke. Naye ametoka katika nyumba yenye milango mitatu, ameingia katika nyumba yenye miwili.

Sasa dawa ya shimo hili ni nini? Ni fupi, wala haihitaji kumbukumbu nyingi. Usijibu kamwe kwa "yes" au "no" peke yake. Ongeza kitendo. Kwanza jiulize moyoni: kitendo changu kina "not" au hakina? Kikiwa nacho, anza kwa "no." Kikiwa hakina, anza kwa "yes." "No, I don't drink." "Yes, I have a brother." Na kama umeshikwa na hofu, umesahau kanuni, acha "yes" na "no" kabisa, useme kitendo tu: "I don't drink, sir." Kijana wetu angalisema hivyo, hakuna mtu angalimwelewa vibaya.

Liko na shimo dogo karibu na hilo. Mgeni akija katika gari akakuuliza, "Do you mind if I sit here?" maana yake si "Je, waniruhusu kukaa?" bali "Je, utaona vibaya nikikaa?" Wengi wetu, kwa ukarimu, hujibu, "Yes, yes!" Naye mgeni husikia, "Ndiyo, nitaona vibaya," akaondoka kwa huzuni. Jibu la ukarimu ni "No, please sit."

4. "Si lazima" na "marufuku"

Kosa la tatu ni hatari kuliko hayo, kwa kuwa halionekani. Twajua kwamba "must" ni "lazima." Basi mwanafunzi akitaka kusema, "Si lazima ulipe," hufikiri: lazima ni "must," si ni "not", huandika, "You must not pay." Lakini kwa Kiingereza maneno hayo yana maana, "Usilipe! Umekatazwa kulipa." Neno la "si lazima" ni "You do not have to pay," au "You need not pay."

Fikirini matokeo. Karatasi yasema, "You must not mix this with water." Mtu akisoma "si lazima kuchanganya na maji," atasema moyoni, "Basi nikitaka nitachanganya." Lakini karatasi imekataza. Na kinyume chake, barua yasema, "Parents do not have to come." Mzazi akisoma "msije," atajiona amefukuzwa, kumbe ameachiwa hiari tu. Basi shikeni hivi: "must not" ni mlango uliofungwa kwa ufunguo, "do not have to" ni mlango ulio wazi, apendaye aingie, asiyependa asiingie.

5. Kukana mara moja tu

Sisi twapenda kukana mara mbili na tatu ili neno liwe na nguvu. Twasema, "Hakula wala hakunywa," vitendo viwili vyote vimekanwa. Katika Kiingereza cha vitabu na cha barua, kukana mara moja kwatosha. Husemwi "I don't have nothing," bali "I don't have anything," au "I have nothing." Zamani Waingereza wenyewe walikana mara mbili, hata washairi wao wakubwa, kama Chaucer, na watu wengi wa vijijini na mijini hukana hivyo mpaka leo. Lakini wenye sarufi waliikataa namna hiyo. Mmoja aliyesikilizwa sana ni Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London. Sarufi yake ilitoka kwanza mwaka 1762. Waliokuja nyuma yake walifundisha shuleni kwamba kukana kuwili kwaondoana. Mtahini wa leo amerithi shule hiyo, basi mtoto ashike kanuni yake.

Kwa sababu kukana ni kumoja, yatupasa kujua kunafika wapi. Tazameni onyo hili: "Do not eat or drink while spraying." Mtu akifasiri neno kwa neno atapata, "Usile au kunywa wakati wa kupiga dawa." Mwingine ataelewa kwamba amepewa kuchagua: akiacha kula, aweza kunywa. Sivyo. "Or" iliyo nyuma ya "not" ni "wala" yetu: "Usile wala usinywe." Ninyi mnaofasiria majirani zenu maonyo ya dawa za mpunga huko bondeni, andikeni "wala."

Tena kuna neno "unless," ambalo kukana kumefichwa tumboni mwake. "Do not open the gate unless you hear the bell" maana yake, "Usifungue lango isipokuwa umesikia kengele," yaani usiposikia kengele, usifungue. Msiongeze "not" nyuma yake, maana mtaligeuza neno lote.

6. "Wote" na kukana

Neno la mwisho ni la waandishi wa mikutano. Katika Kiswahili chetu twasema, "Wazee wote hawakuja." Je, maana yake hakuja hata mmoja, au walikuja baadhi? Mara nyingi hatujui, mpaka tuulize. Kiingereza nacho kina shaka hiyo hiyo katika "All the elders did not come." Kwa hiyo mwandishi mwema huacha sentensi hiyo. Ikiwa walikuja wengine, huandika, "Not all the elders came," yaani, "Si wazee wote waliokuja." Ikiwa hakuja hata mmoja, huandika, "None of the elders came." Karatasi za mkutano husomwa baada ya miaka mingi, wakati waliokuwapo wamekwisha kufa, neno lisilo wazi laweza kuleta ugomvi kati ya watoto wao.

7. Kwa waalimu wanaofasiri

Waalimu wa injili, ninyi mara nyingi huitwa kufasiri: mgeni akija kuzungumza na usharika, au mama akienda kwa mganga asiyejua Kiswahili. Tuwaze mwuguzi mgeni amwuliza mama, "You haven't given the child this medicine today?" Mama hakumpa mtoto dawa, ajibu, "Ndiyo." Mfasiri akisema "Yes," mwuguzi ataandika kwamba mtoto amekwisha kupewa dawa, naye atakaa bila dawa mpaka kesho. Na kama mama alimpa, akajibu "Hapana, nilimpa," mfasiri akitoa "No" tu, mtoto aweza kupewa dawa mara mbili. Neno la herufi mbili au tatu laweza kumdhuru mtoto.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, msifasiri "ndiyo" na "siyo" tupu; fasirini jambo: "She has not given it." Pili, mkiuliza ninyi wenyewe, ulizeni kwa kukubali: si "Hukumpa dawa?" bali "Je, ulimpa dawa leo, au hukumpa?" Tatu, jibu likiisha kutoka, lirudieni kwa pande zote mbili, mpaka vichwa vyote viwili viitikie.

Mazoezi

Jaribuni haya kabla ya kusoma majibu, mkiweza pamoja na vijana wenu.

1. Hukwenda Mlimba jana. Waulizwa, "Didn't you go to Mlimba yesterday?" Utajibuje?
2. Sahihisheni: "He did not saw the train."
3. Fasirini kwa Kiingereza: "Si lazima usubiri."
4. Fasirini kwa Kiingereza: "Usisubiri hapa, marufuku."
5. Fasirini kwa Kiswahili: "Do not smoke or light a fire here."
6. Sahihisheni: "We don't have no seeds."

Majibu: (1) "No, I didn't." (2) "He did not see the train." (3) "You do not have to wait." (4) "You must not wait here." (5) "Msivute tumbaku wala msiwashe moto hapa." (6) "We don't have any seeds," au "We have no seeds."

Mtaliuliza habari ya yule kijana. Kazi ile hakurudishiwa, maana alikuwa amekwisha kuchukuliwa mwingine, nasi hatukuweza kumfuata msimamizi mpaka huko. Amepata kibarua kingine karibu na nyumbani, chenye mshahara mdogo. Lakini siku za Jumamosi hukaa barazani petu na watoto wanaojitayarisha kwa kidato cha kwanza, naye huwafundisha jambo moja kabla ya mengine yote. Humwuliza kila mtoto, "You don't drink, do you?" wala hamruhusu kuketi mpaka ajibu kwa ukamilifu, "No, sir, I don't." Watoto hucheka. Yeye hacheki sana, ila huwaambia warudie tena.